Waliosomea Ng'ambo: Habari za Vijana wa Malta



Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia, habari moja hupita haraka katika majimbo yetu: nani ametumwa Ulaya kusoma. Padri fulani anaenda Roma, fulani anaenda Louvain. Wazazi hufurahi, wenzake humpongeza, na wengine huona wivu kidogo, ingawa hawasemi. Lakini ni wachache wanaouliza neno lililo kubwa zaidi: atarudi na nini, tena atamrudia nani?

Swali hili si geni kwetu. Sisi tuliopita seminari ndogo twakikumbuka kibao. Aliyesikiwa akisema Kiswahili siku ya Kifaransa alifungiwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lile lile. Tulijifunza Kifaransa, ni kweli, na leo twamshukuru Mungu kwa kukijua. Lakini pamoja nacho tulijifunza jambo jingine ambalo halikuandikwa katika kitabu cho chote: ya kuwa lugha ya mama ni kosa. Jambo hilo la pili twalibeba mpaka leo. Ndiyo sababu wako mapadri ambao kijijini hawawezi kueleza Injili bila kuingiza neno la Kifaransa katika kila sentensi, na wako wafratri wanaomdharau katekista mzee kwa kuwa hajui lugha hiyo.

Kusudi tupate mwanga, tumeona vema kueleza habari za vijana fulani wa Afrika waliojifunza Kifaransa na kusomea ng'ambo zamani kabla yetu. Mmoja wao aliishi karibu sana nasi, ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Tanganyika.

I. Waliotangulia

Mwafrika kutumwa Ulaya kusoma si jambo la jana. Mwanzoni mwa karne ya 16, Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo, alimtuma mtoto wake Henrique kusoma katika inchi ya Ureno. Katika mwaka wa 1518 Papa Leo wa Kumi alimchagua kuwa askofu, naye katika mwaka wa 1521 alirudi kwa baba yake. Hakuishi miaka mingi baada ya kurudi, lakini alirudi.

Katika mwaka wa 1840 vijana watatu wa Senegal, David Boilat, Arsène Fridoil na Jean-Pierre Moussa, walipata upadri huko Ufaransa, mahali ambapo Mama Anne-Marie Javouhey aliwapeleka wangali watoto. Walijua Kifaransa kama Wafaransa wenyewe. Boilat alirudi Senegal, akafundisha, akaandika kitabu kikubwa juu ya inchi yake, na katika mwaka wa 1858 ikatolewa sarufi aliyoiandika juu ya lugha ya Kiwolofu. Tuangalie vema jambo hili: Kifaransa alichopewa ng'ambo alikitumia kuiheshimu lugha ya nyumbani. Walakini yeye mwenyewe hakukaa Senegal. Alirudi Ufaransa, akamaliza maisha yake huko, akiwa paroko wa kijiji.

Hivyo tangu zamani twaona pande mbili za masomo ya ng'ambo: matunda yake, na machungu yake.

II. Shauri la Kardinali Lavigerie

Monsinyori Charles Lavigerie alikuwa askofu mkuu wa Alger tangu mwaka wa 1867, na katika mwaka wa 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Mwanzo alitazama upande wa jangwa la Sahara na mji wa Timbuktu. Lakini mapadri watatu aliowatuma njia hiyo waliuawa jangwani katika mwaka wa 1876. Miaka miwili baadaye, katika mwaka wa 1878, msafara wa kwanza wa mapadri wake ulishika njia ya maziwa makuu.

Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ingali kupita Sahara. Mapadri waliokaa katika miji ya jangwa waliwanunua watoto wengine kusudi kuwapa uhuru, wakawapeleka Alger. Kardinali akaona moyoni mwake shauri hili: Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe. Mmisionari mzungu ataanza, lakini hatamaliza. Kwa hiyo alitaka watoto wale wasomeshwe udaktari pamoja na dini, kisha watumwe katika inchi za ndani. Daktari hupokewa po pote, maana ugonjwa haumchagui mtu. Tena daktari aliyeoa mke wa inchi na kujenga nyumba yake kijijini atakuwa karibu na watu kuliko padri mgeni. Wakaitwa waganga-wakatekista.

Katika mwaka wa 1881 alifungua nyumba yao katika kisiwa cha Malta. Huko kulikuwa na shule kuu ya zamani iliyofundisha udaktari, na bahari si pana kati ya kisiwa hicho na Afrika.

Zaidi ya hayo, Kardinali hakupenda kuwageuza Waafrika kuwa Wazungu weusi. Aliwaagiza mapadri wake wajifunze upesi lugha ya watu waliotumwa kwao, na wawalee vijana katika maisha ya inchi yao: chakula chao, mavazi yao, lugha yao. Tukumbuke agizo hilo, maana hapo chini tutaona lilivyogongana na kazi ya Malta.

III. Mtoto aliyejifunza lugha ng'ambo

Mmoja wa vijana hao aliitwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, kadiri ya mwaka wa 1866. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi aliibwa, akavushwa jangwa pamoja na watumwa wengine, akanunuliwa na mapadri huko Metlili, kusini ya Alger.

Tufikiri kidogo juu ya mtoto huyo. Lugha ya mama yake hakuna tena mtu wa kusema naye. Jangwani alisikia lugha ya waliomteka, nayo ilikuwa lugha ya kuamriwa tu. Alger alikuta Kifaransa. Kwa Kifaransa alifundishwa kusoma, na katika nyumba ya waliokisema alimjua Mwenyezi Mungu. Kisha akapelekwa Malta. Huko Kiitaliano ndicho kilichotawala katika shule kuu siku zile, na vitabu vya udaktari vilijaa maneno ya Kilatini. Basi kijana huyu, ambaye miaka michache nyuma alikuwa mtumwa, alilazimika kujifunza mifupa ya mtu, mishipa ya damu na kazi ya dawa kwa lugha ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Yule aliyejifunza falsafa kwa Kifaransa anajua taabu hiyo. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu. Mara ya kwanza unatafuta maneno, mara ya pili unatafuta maana, mara ya tatu ndipo unapoanza kufikiri. Mwenzako aliyezaliwa na lugha hiyo amekwisha kufunga kitabu na kwenda kulala. Mwalimu anaweza kukuona mjinga, kumbe wewe unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Atiman aliishinda kazi hiyo. Miaka saba ikapita, na katika mwaka wa 1888 masomo yake yalikwisha.

Mwaka ule ule wa 1888 Kardinali Lavigerie, ingawa mzee, alizunguka Paris, London na Bruxelles akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika. Na mwaka ule ule Atiman aliondoka kwenda inchi asiyoijua. Alifika pwani ya mashariki, kisha akatembea zaidi ya kilometa 1000 mpaka ziwa Tanganyika. Mwanzo wa mwaka wa 1889 alikuwa Karema.

IV. Karema, ng'ambo ya pili

Karema ni jirani ya Mpala yetu. Maji tu yanazitenga. Zote mbili zilikuwa vituo vya watu wa mfalme Leopold wa Pili, Karema tangu 1879, Mpala tangu 1883, na katika mwaka wa 1885 zote mbili zikaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe.

Mara nyingi watu husema ya kuwa Atiman alirudi Afrika. Neno hilo si sawa. Kutoka Timbuktu mpaka Karema ni mbali sana, na watu wa Karema hawakuwa ndugu zake. Hawakuijua lugha yake, wala yeye hakuijua yao. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama yao, lakini nguo zake, masomo yake na Kifaransa chake vilitoka kwa Wazungu. Kwa mapadri hakuwa padri, wala hakuwa mzungu. Kwa wanakijiji hakuwa mwanakijiji. Karema palikuwa ng'ambo yake ya pili, tena ngumu kuliko ya kwanza, maana Malta alikuwa mwanafunzi kati ya wanafunzi, na hapa alikuwa peke yake.

Afanye nini? Mithali yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Atiman alilishika jembe. Alianza tena kuwa mwanafunzi, akajifunza kusema na watu kwa lugha wanayoijua, yeye aliyekwisha kumaliza shule kuu. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende. Akajenga nyumba, akapata watoto, na mtoto wao Yosefu akawa padri. Aliwatibu wagonjwa, na pamoja na dawa aliwapelekea habari njema ya Yezu Kristu, kwa sababu alikuwa katekista pia.

Alifanya kazi hiyo wakati wa Wadachi, akaifanya wakati wa Waingereza. Maaskofu walipita, wakubwa wa serikali walipita, yeye alibaki. Aliaga dunia huko Karema katika mwaka wa 1956, baada ya miaka 67. Leo hospitali ya jimbo huko Sumbawanga ina jina lake.

Sasa tujiulize: kwa miaka hiyo yote Kifaransa kilimfaa nini? Kilimfaa sana. Kwa lugha hiyo aliweza kusema na mapadri kama mtu na mwenzake, si kama boyi na bwana wake. Elimu iliyoingia kwa lugha za ng'ambo ndiyo iliyoponya watu wa Karema. Lakini mgonjwa hakukisikia Kifaransa hicho. Mgonjwa aliona mkono unaofunga kidonda, akasikia neno linaloeleweka. Kifaransa kilibaki ndani, kama mzizi, na matunda yalitoka kwa lugha ya watu.

V. Wengine, na kosa la shauri lenyewe

Kama tungesimama hapa, tungekuwa tumeandika maisha ya mtakatifu, si historia. Yatupasa kusema ukweli wote. Nyumba ya Malta ilifungwa katika mwaka wa 1896, baada ya miaka 15 tu. Kardinali alikuwa amekwisha kufa katika mwaka wa 1892. Wako wengine waliotumwa maziwa makuu, kama Joseph Gatchi na Charles Faraghit, lakini hesabu yao ilibaki ndogo, na jeshi la waganga-wakatekista ambalo Kardinali aliliona moyoni halikutokea. Kwa nini?

Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza: vijana hawakuulizwa. Waliibwa bila kuulizwa, wakanunuliwa bila kuulizwa, na hata katika uhuru wao wengine ndio waliowapangia masomo yao, inchi yao, na namna ya ndoa yao. Wema ulikuwa mwingi, hatukatai. Lakini wito hauwezi kununuliwa pamoja na mtu. Atiman alidumu kwa sababu, katika njia aliyopangiwa, yeye mwenyewe aliitika.

Ya pili: walivutwa huku na huku. Agizo lilisema wabaki Waafrika katika maisha yao, na shule iliwalea miaka mingi kati ya Wazungu. Huwezi kumlea mtoto miaka kumi mezani, kisha umwambie arudi mkekani, bila kumwonyesha mkeka ule ni wa nani. Mkeka wa Timbuktu walikuwa wamepokonywa. Mkeka wa Karema au wa Buganda ulikuwa wa watu wengine.

Ya tatu: cheo chao hakikueleweka. Kwa elimu walikuwa karibu na mapadri, kwa kazi waliwekwa pamoja na wakatekista. Mtu aliyesoma sana na asiyejua anakaa wapi, mara nyingi moyo wake huchoka kabla ya mikono yake.

Tusiwahukumu waliochoka. Tuombe tu tusiwawekee vijana wetu mitego ile ile.

VI. Upande wetu wa ziwa

Huku Kongo, wakati Atiman akiwa kijana wa kazi huko Karema, mtoto mmoja alisoma katika seminari ndogo ya Mpala: Stefano Kaoze. Yeye hakusomea ng'ambo. Kifaransa na Kilatini alivipata hapa hapa, kando ya ziwa. Kabla hata ya kupata upadri, tangu mwaka wa 1910, maandishi yake juu ya fikira za Wabantu yalitolewa kwa Kifaransa katika gazeti la Wabelgiji. Tarehe 21 mwezi wa saba 1917 alipata upadri huko Baudouinville, inayoitwa leo Kirungu, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya siku hizi. Ulaya aliiona baadaye, katika mwaka wa 1920, aliposafiri pamoja na Monsinyori Victor Roelens. Na Kifaransa chake alikitumia kwa nini? Kueleza watu wake: akili zao, desturi zao, historia yao. Wazungu walikuwa wakiandika ya kuwa mweusi hafikiri. Kaoze aliwajibu kwa lugha yao, kusudi wasipate udhuru wa kusema hawakuelewa.

Baada yake walikuja waliosomea ng'ambo kwa kweli. Padri Vincent Mulago wa Bukavu alipata udaktari wa teolojia huko Roma katika mwaka wa 1955, kwa kazi aliyoiandika juu ya umoja wa uzima kadiri ya Wabantu. Mwaka wa 1956 mapadri weusi, pamoja naye, walitoa huko Paris kitabu kwa Kifaransa, wakiuliza namna gani Injili itapata mwili katika Afrika. Na katika mwaka wa 1960, huko Lovanium, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alijadiliana kwa Kifaransa na mwalimu wake Alfred Vanneste, kama teolojia ya Kiafrika yaweza kuwako. Mazungumzo yale hayajaisha mpaka leo.

Twaona basi: Boilat na sarufi yake, Kaoze na Wabantu wake, Mulago na umoja wa uzima. Kila mmoja alikwenda mbali katika lugha ya wageni, na kila mmoja aliibeba nyumba yake pamoja naye.

VII. Neno la mwisho

Ndugu wapenzi, hatusemi Kifaransa kiachwe. Aliyekitupa amejifungia vitabu vingi, na katika inchi yetu lugha hiyo inatuunganisha na ndugu zetu wa Kinshasa na wa Kasai. Wala hatusemi vijana wasitumwe ng'ambo. Twasema haya tu.

Kwa ninyi waseminari: jifunzeni Kifaransa kwa bidii, hata kikiwachosha. Lakini kila mnapojifunza neno moja kubwa la teolojia, jiulizeni usiku ule: nitamwelezaje bibi yangu neno hili? Msipoweza, bado hamjalielewa.

Kwa ninyi mapadri mnaorudi kutoka masomoni: shahada yenu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuketi tena kama wanafunzi mbele ya watu mliotumwa kwao. Atiman alifanya hivyo katika inchi isiyo yake. Sisi twarudi katika inchi yetu, na bado twaona haya.

Kwa ninyi wakatekista: msijione wadogo mbele ya Kifaransa chetu. Padri aliyetoka ng'ambo akifika kijijini, ninyi ndio walimu wake wa kwanza. Mpeni jembe siku ya tatu.

Na kwa wakubwa wanaowachagua vijana wa kutumwa: kabla ya kumwuliza kijana kama anajua Kifaransa vya kutosha, mwulizeni kama anataka kwenda, na anataka kumrudia nani. Watoto wa Malta hawakuulizwa hivyo. Mmoja aliyetoa jibu lake kwa hiari alidumu miaka 67, na kaburi lake liko kando ya ziwa letu, mahali ambapo hakuzaliwa, kati ya watu waliomwita wa kwao.